Udongo wa Majivu Juu ya Mvouni

Wakazi wengi wa Mvouni huianza siku kwa kuteremka. Wanateremka kwenda Moroni, sokoni, bandarini na maofisini. Zahira aliianza kwa kupanda. Akishaswali na kuwapa binti zake chai, alijitwika kikapu, akashika jembe na kufuata njia ya mlimani. Alitembea karibu saa nzima, mpaka mahali ambapo nyumba zimekwisha na ukungu wa mlima Karthala unalowesha nguo. Hapo ndipo lilipokuwa shamba lake.

Nasema lake, lakini halikuwa lake hasa. Zahira hakuwa mtu wa Ngazija, kisiwa ilipo Mvouni. Alizaliwa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzuani, na huko alikuwa na nyumba yake mwenyewe. Ndiyo desturi ya visiwa hivyo: nyumba ni ya mke, mume ndiye anayehamia. Mumewe, Nassurdine, alikuwa mtu wa Ngazija aliyekwenda kufanya kazi ya upakuzi katika bandari ya Mutsamudu. Akamwoa Zahira, akahamia kwake, wakapata binti wawili. Walikuwa wakiishi vizuri tu.

Kisha, mwaka 1997, Nzuani ikatangaza kwamba imejitenga na visiwa vingine. Pale bandarini, mtu wa Ngazija hakuwa na raha tena. Nassurdine akarudi kwao, na Zahira akamfuata na watoto. Hapo desturi ikageuka juu chini. Mke mwenye nyumba akawa mgeni kwa dada ya mumewe.

Dada huyo aliitwa Koultoumi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na moyo mpana. Mwaka 1999, vijana walipozunguka wakiwasaka watu wa Nzuani, Koultoumi alisimama mlangoni kwake. Aliwaambia kwamba aliyemo ndani ni wifi yake, na anayemtaka aanze na yeye mwenye nyumba. Hakuna aliyethubutu kuanza.

Lakini ardhi ilikuwa jambo jingine. Shamba lile la mlimani lilikuwa la ukoo, na ukoo huo hurithisha ardhi kwa upande wa mama. Wanawake wa ukoo walikuwa wengi. Walinung'unika. Kwa nini mgeni apewe shamba, tena mgeni wa kisiwa kilichojitenga, wakati mchele unakuja kwa kusuasua na kila nyumba inatafuta cha kuweka chunguni? Koultoumi aliwasikia. Hata hivyo alimpa Zahira shamba alilime.

Basi Zahira akalima, na alilima kama alivyofundishwa na mama yake.

Katika vilima vya juu ya Mutsamudu, mama yake alilima udongo mwekundu. Udongo ule ni mzito. Unanata kwenye jembe, na ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Kwa hiyo mama alikuwa akichoma nyasi, akilima kwa kina, akipindua madonge na kuyaacha juani yapasukepasuke. Kwake, shamba lenye takataka lilikuwa shamba la mvivu.

Zahira alifanya hivyo hivyo. Mwezi wa tisa alichoma nyasi zote. Alilima kwa kina, akafurahi kuona jembe linazama bila taabu. Akafagia mpaka shamba likawa safi kama ua wa msikiti. Miezi miwili lilikaa wazi juani likingoja mvua. Waliopita walimsifu, naye akavimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Mvua ilipokuja, alipanda mahindi. Nassurdine alikuwa amepata mfuko mmoja wa mbolea ya dukani. Zahira aliitawanya shamba zima, kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Mahindi yaliota. Yalifika magotini, yakasimama hapo. Majani yakaingia rangi ya zambarau. Mvua kubwa ilichimba mifereji na kuteremsha udongo mweusi mpaka barabarani. Mvua ikikatika siku nne tu, mimea ilikuwa hoi. Mwezi wa tatu wa mwaka 2000 Zahira alivuna vikapu viwili. Mahindi mengine yalikuwa na punje chache kama meno ya kikongwe.

Siku ya pili yake akaja Salimou, mjomba wa Koultoumi. Katika ukoo ule, neno la mjomba kuhusu ardhi ndilo neno. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaishe haraka. Aliketi barazani, akatazama vikapu viwili, akasema kwamba mgeni amejaribu na Mungu atamlipa kwa juhudi yake. Lakini shamba apewe mpwa wake mwingine, apande migomba.

Zahira alikuwa jikoni, akisikia kila neno. Mwezi mmoja tu uliopita, njia ya kwenda Nzuani ilikuwa imefungwa. Kisiwa kilikuwa kimewekewa vikwazo. Meli za abiria hazikwenda, hata simu zilikuwa zimekatwa. Hakuweza kurudi nyumbani kwake, na sasa hapa angekuwa mlaji tu, yeye na mume na watoto wawili, wakichota katika chungu cha mtu mwingine. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

"Msimu mmoja, mjomba," Koultoumi alisema. "Mpe msimu mmoja mwingine. Akishindwa, mimi mwenyewe nitamwambia aache."

Salimou alifikiri, akakubali. Msimu mmoja, basi.

Wiki ile ile, Koultoumi alimtafuta Batoul. Batoul alikuwa bibi shamba, mtumishi wa kilimo aliyekuwa akizungukia vijiji vya juu ya Moroni. Petroli ilikuwa adimu, kwa hiyo alizunguka kwa miguu, viatu mkononi penye matope. Wanakijiji walimwita fundi, kwa kuwa visiwani humo mwalimu huitwa fundi. Alikuwa mcheshi, na alikuwa na tabia ya kuonja udongo kwa ulimi, jambo lililowachekesha watoto.

Walipanda shambani watatu: Batoul, Koultoumi na Zahira. Kwanza Batoul aliomba bakuli la maji. Akachota udongo wa juu, uliochomwa na jua, akaumwaga majini. Zahira alitegemea uzame. Haukuzama. Ulielea kama vumbi la unga, na Batoul alipoukoroga kwa kidole na kukitoa, kidole kilikuwa na vumbi kavu.

Kisha Batoul akaenda ukingoni mwa shamba, chini ya miti ya msituni ambako hakuna aliyewahi kulima. Alifukua majani yaliyooza, akatoa konzi ya udongo mweusi. Akampa Zahira.

"Ushike. Unauonaje?"

"Mwepesi," Zahira alisema. "Kama hakuna kitu mkononi."

"Sasa ufinye. Usuguesugue kwa vidole, usiuonee huruma."

Zahira aliufinya. Ulikuwa unaonekana mkavu kiasi. Lakini alipousugua ukalainika, ukateleza, na maji yakamtoka kati ya vidole. Alitazama mkono wake kama mtu aliyefanyiwa mazingaombwe. Hata Koultoumi alisogea aone.

"Ni udongo ule ule," Batoul aliwaambia. "Mmoja umefunikwa, mmoja mmeuvua nguo."

Waliketi juu ya jiwe, naye akawaeleza taratibu. Mlima Karthala ni mlima wa moto. Tangu zamani sana umekuwa ukitapika majivu. Majivu hayo si kama ya jikoni. Ni mawe yaliyosagika. Yakaangukia huku juu, mvua ikayaozesha miaka na miaka, yakachanganyika na majani, yakawa udongo huu. Ndani yake mna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vingi mno, kama dodoki la kuogea. Vitundu hivyo vinaweka maji. Ndiyo maana, ingawa kisiwa hiki hakina mito, msitu wa mlimani ni wa kijani.

"Ila dodoki hili lina kasoro," alisema. "Likikauka kabisa, halirudi. Vitundu vinajikunja. Udongo unageuka vumbi, na vumbi hilo linakataa maji. Mvua ikinyesha inateleza juu yake na kuteremka nalo. Tena ni jepesi, hata upepo unalibeba."

Zahira alikumbuka miezi miwili ya jua. Aliona haya. Alisema polepole kwamba yeye ndiye aliyeuua udongo ule kwa usafi wake, na kwamba ndivyo mama yake alivyomfundisha.

"Mama yako hakukosea," Batoul alijibu. "Udongo mwekundu wa kwenu unataka jembe. Wewe umechukua dawa ya mgonjwa mmoja, ukamnywesha mwingine. Na hukuua shamba zima. Chimba kidogo tu, chini bado lina maji."

Koultoumi aliuliza juu ya yale majani ya zambarau, kwa kuwa mbolea ilimwagwa na yeye aliiona. Batoul akacheka. Alisema udongo huu una maji mengi lakini ni mchoyo. Mahindi yanahitaji chakula kiitwacho fosforasi ili mizizi ipate nguvu. Yakikikosa, majani yanaingia zambarau. Mbolea ikitawanywa kila mahali, udongo wa majivu unaikamata fosforasi na kuibana, mmea haupati kitu. Dawa yake ni kutotawanya. Chimba shimo dogo kwa kila shina. Tia samadi iliyooza, konzi mbili, na mbolea kidogo kama ipo, pale pale mzizi utakapopita. Samadi inaushughulisha udongo, na mmea unakula kabla mchoyo hajakunja mkono.

"Usichome," alimalizia. "Usipindue shamba zima. Funika kwa nyasi kavu mpaka usione udongo. Chimba mashimo tu. Panda miti ya ua kukingama mteremko, izuie udongo usiteremke. Na uache pembe moja uilime kama zamani, ili macho ya watu yahukumu yenyewe."

Yote hayo yaliwezekana, isipokuwa moja. Samadi ingetoka wapi? Katika Ngazija ng'ombe wengi huzurura mlimani, na samadi yao hubaki huko huko. Batoul alikuna kichwa.

Hapo Zahira akainua uso. Jibu lilikuwa kwao Nzuani. Aliwaambia kwamba kule wakulima hawaachi ng'ombe azurure. Wanamfunga kwenye kigingi ndani ya shamba lenye ua. Wanamkatia majani, anakula na kunya pale pale. Kesho kigingi kinahamishwa hatua chache. Baada ya miezi michache, kila mahali pamepata sehemu yake, na hakuna aliyebeba hata kikapu kimoja cha samadi kichwani. Batoul alitoa daftari lake akaandika. Aliuliza urefu wa kamba, aliuliza kigingi huhamishwa saa ngapi. Siku hiyo fundi naye alipata fundi.

Lakini ng'ombe ni wa nani? Koultoumi alikuwa na fahali mmoja. Fahali huyo hakuwa mnyama wa mchezo. Alikuwa amewekwa kwa ajili ya ndoa kuu ya binti yake, ile harusi ambayo familia za Ngazija hujiandalia miaka mingi, na heshima ya nyumba nzima husimama juu yake. Fahali akikonda, watu watasema. Akivunjika mguu, watasema zaidi.

Zahira hakuthubutu kumwomba. Waliteremka karibu nusu ya njia. Kisha Koultoumi akasimama.

"Wifi, kamba unaijua kufunga vizuri?"

"Naijua."

"Basi kesho umchukue."

Zahira alilia njiani, bila kujificha. Koultoumi alijifanya haoni, akaendelea kuteremka.

Miezi ya kusi ikapita hivyo. Kila asubuhi Zahira alimpandishia fahali majani, akang'oa kigingi, akakisimika hatua nne mbele. Alikata nyasi za ukingoni na majani makavu ya migomba, akatandaza mpaka udongo ukapotea machoni. Nassurdine alikuja siku za Ijumaa baada ya sala, akapanda vipande vya miti ya ua kukingama mteremko. Mikono ya mpakuzi haikuwa imezoea kazi hiyo, lakini ikazoea.

Watu walicheka. Shamba la Zahira, lililokuwa safi kama ua wa msikiti, sasa lilionekana kama kitanda cha mbuzi. Mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti, ili asikike, kama wanawake wa Mutsamudu hawajui fagio. Hilo lilimchoma Zahira, maana alikuwa na kiburi cha usafi tangu utotoni. Mwezi wa kumi Salimou alipita, akamshauri kwa wema achome zile takataka kabla nyoka hawajaingia. Kiberiti alikuwa nacho mfukoni, akakitoa.

Zahira alikitazama kile kiberiti. Mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na kumkatalia mjomba si jambo dogo. Alimshukuru kwa heshima zote. Alimwomba amwachie takataka zake mpaka mavuno, kisha akitaka achome na yeye mwenyewe Zahira ndani yake. Salimou alicheka, akarudisha kiberiti mfukoni.

Mvua za kashkazi zilianza mwezi wa kumi na moja. Zahira alifunua nyasi kidogo, shimo kwa shimo, akatia samadi, akapanda mahindi na maharage. Pembe moja aliilima kama zamani, ikawa safi na nyeusi. Wiki za kwanza pembe ile ilipendeza kuliko shamba lote, na waliocheka walipata la kusema.

Katikati ya Desemba mvua ikakatika. Ilikatika wiki moja, mbili, tatu. Pembe safi ikapauka. Mahindi yake yakajikunja majani kama mtu aliyeshikwa na homa, kisha yakaingia zambarau. Hatua tatu tu kutoka hapo, mahindi ya kwenye takataka yalisimama kijani, mapana, yakizidi kurefuka. Zahira alikuwa akiingiza mkono chini ya nyasi kila siku, na kila siku mkono ulitoka na unyevu. Siku ya ishirini alikwenda mbio mpaka kwa Koultoumi kumwambia, kana kwamba amejifungua.

Mwezi wa pili wa mwaka 2001 walivuna. Koultoumi alikuja na wanawake wa ukoo, na Batoul akaja na daftari. Walijaza vikapu kumi na vitano vya mahindi mabichi, na maharage bado yalikuwa yamening'inia. Pembe safi ilitoa nusu kikapu. Fahali, aliyekuwa akila majani mabichi bila kuzurura, alikuwa amenenepa mpaka watu wakauliza kama ni yule yule.

Salimou alifika mwisho, na fimbo yake. Alizunguka shamba lote. Penye pembe safi alichoma fimbo, ikainua vumbi. Penye takataka alichoma fimbo, ikazama mpaka nusu. Aliinama, akachota konzi ya udongo, akaifinya, na maji yakamtiririka kwenye mkono wa kanzu. Yule mwanamke aliyeuliza habari ya fagio alitazama miguu yake.

"Mwaka jana nilisema mgeni apishe," Salimou alisema. "Nilisema haraka. Shamba hili ni la Zahira kulilima mpaka mwenyewe aseme limemtosha. Na nyinyi wapwa zangu, msiniletee tena maneno ya Nzuani na Ngazija. Mwombeni awafundishe kufunga ng'ombe."

Koultoumi alipiga vigelegele vya kwanza. Wengine wakamfuata, na mlima ukaitika. Zahira alisimama katikati, kikapu kichwani, akicheka na kulia kwa pamoja, wala hakujali nani anamwona.

Kuanzia wiki iliyofuata, wanawake sita walipanda naye mlimani kila asubuhi. Hakuna aliyechoma nyasi mwaka ule. Batoul alipeleka habari ya kigingi katika vijiji vingine, na kila alipofika alisema wazi kwamba amejifunza kwa mwanamke wa Mutsamudu.

Mwezi ule ule wa mavuno viongozi wa visiwa walitia sahihi mapatano ya umoja mjini Fomboni, na baada ya muda njia ya baharini ikafunguliwa. Zahira alipanda meli ya abiria pale Moroni, na magunia matatu ya mahindi makavu na maharage. Kule Mutsamudu, wapakuzi waliowahi kufanya kazi na Nassurdine walimtambua, wakamshushia magunia na kumuulizia rafiki yao. Mama yake alikuwa akimngoja kwenye baraza ya ile nyumba ya Zahira, funguo mkononi. Alikuwa ameitunza miaka yote ile.

Walikumbatiana kwa muda mrefu. Kisha mama akamwekea funguo kiganjani, akamuuliza kama sasa amerudi moja kwa moja.

Zahira alizishika zile funguo. Mwaka mmoja nyuma angezipokea kama mtu anayezama anavyopokea kamba. Sasa alizitazama kwa upendo tu, akazirudisha mkononi mwa mama yake.

"Nimekuja kukusalimia, mama," alisema. "Nitakaa nawe mwezi mzima. Kisha nitarudi Mvouni, kuna watu wananingoja shambani."